Kibandiko cha i7 kisipandishe bei peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wauzaji wa kompyuta zilizotumika, wa Unguja na Pemba, na zaidi niseme na wazazi wenzangu wanaodunduliza fedha ili mtoto aingie chuoni akiwa na kompyuta yake.

Nilivuka kwa boti kutoka Pemba kwenda kumnunulia mwanangu kompyuta mpakato katika duka moja mjini. Niliwekewa mbili mezani, moja yenye prosesa (chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta) ya Intel Core i5 na nyingine ya Core i7 iliyozidi bei kwa shilingi 80,000. "Mzee wangu, chukua i7, hupati zaidi ya hii," muuzaji aliniambia huku akikifuta vumbi kile kibandiko kwa kidole, nami nikaongeza fedha. Mwanangu alipoilinganisha na ya mwenzake, ambayo ni i5 na ilinunuliwa kwa bei ndogo kuliko yetu, wakasoma nambari kamili za prosesa. Yetu ni i7-7500U, yenye viini viwili tu vya kufanyia kazi. Ya mwenzake ni i5-8250U, yenye vinne. Akifungua faili kubwa la takwimu huku anafuatilia somo kwa video, feni ya yetu huvuma na kishale hukwama kwenye skrini, ilhali ya mwenzake inaendelea na kazi.

Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 7 au 8, ndiyo inayoonyesha kizazi cha prosesa hizo, na haikuwa jambo dogo kwetu: Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya mfumo endeshi wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana.

Nimesikia pia madukani kwamba prosesa za AMD, kampuni inayoshindana na Intel, ni za kukwepwa kwa sababu zinapata moto. Sifa hiyo ni ya zamani, na kwa bei AMD imeshindana na Intel. Mwaka 2017 AMD ilipotoa Ryzen, prosesa yake ya mezani ya Ryzen 7 1800X, yenye viini vinane, ilitangazwa kwa dola 499, wakati Core i7-6900K ya Intel, yenye viini vinane vilevile, ilizidi dola 1,000. Hata hivyo jina la Ryzen nalo lisimtulize mnunuzi, kwani Ryzen 3 3200U ina viini viwili kama hii yetu.

Nawaomba wauzaji waandike nambari kamili ya prosesa, idadi ya viini na kiasi cha RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kwenye karatasi ya bei, na wamwachie mnunuzi aiwashe kompyuta na kuvisoma mwenyewe kabla hajatoa fedha.

Mzazi,
Wete, Pemba