Barua ya Wazi kwa Katibu Mkuu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

YAH: WENYE KIINGEREZA CHAO NAO WAPIMWE

Kazi yangu ni kuwaandaa marubani na waongoza ndege kwa mtihani wa lugha ambao kanuni za shirika lako zimeutaka tangu Machi 2008. Sina ugomvi na mtihani wenyewe. Anayezungumza Kiingereza katika safari za kimataifa sharti afikie angalau daraja la nne kati ya sita. Akiishia hapo, shirika linapendekeza apimwe tena kila baada ya miaka mitatu, na wa daraja la tano kila baada ya miaka sita. Wa daraja la sita halazimiki kupimwa tena kamwe. Hapo ndipo ninapokwama, kwa kuwa daraja hilo ndilo linalotarajiwa kwa wale waliozaliwa na lugha hiyo, kana kwamba kuijua lugha na kueleweka na mgeni wa lugha ni jambo moja.

Tarehe 19 Februari 1989, ndege ya mizigo ya kampuni ya Flying Tiger ya Marekani ilikuwa ikikaribia kutua Kuala Lumpur. Mwongoza ndege alitaka ishuke hadi futi 2,400, akazitaja tarakimu moja moja: mbili, nne, sifuri, sifuri. Kwa Kiingereza, tarakimu 2 ("two") na neno lenye maana ya "hadi" ("to") hutamkwa sawasawa. Marubani wakasikia "hadi mia nne", wakajibu kwamba sawa, nne sifuri sifuri, wala hakuna aliyewasahihisha. Ndege iligonga kilima na wote wanne waliokuwamo wakafa. Mtihani wetu wa leo ungewapitisha marubani hao bila kusita, kwa sababu lugha ilikuwa yao.

Mwaka uliofuata, tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca kutoka Kolombia ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja kabla ya kuruhusiwa kuukaribia uwanja wa New York. Rubani msaidizi aliomba kipaumbele, akasema mafuta yanawaishia, lakini hakutamka "Mayday", wito wa redio wa kuomba msaada wa haraka, wala neno la dharura. Ndege iliishiwa mafuta ikaanguka, na watu 73 kati ya 158 wakapoteza maisha. Ni kweli kwamba rubani alikosa neno lililotakiwa, na wanafunzi wangu hufundishwa kosa hilo kila mwaka. Sijaona, hata hivyo, somo linalomfundisha msikilizaji mwenye lugha yake kwamba mgeni anaposema kwa upole jambo la kutisha, ni wajibu wake kuuliza: je, hii ni dharura?

Najua nitajibiwa kwamba misemo sanifu, yaani ile iliyopangwa kwa mazungumzo ya redio, inatosha. Inatosha siku ambayo kila kitu kinakwenda kama kilivyopangwa. Abiria akizirai, au tairi likipasuka wakati wa kupaa, misemo hiyo huisha na watu hurudi kwenye lugha ya kawaida, na hapo ndipo mwenye lugha huanza kuharakisha, kumeza silabi na kutumia misemo ya kwao ambayo haimo katika kitabu chochote cha mafunzo. Kanuni zenu zinashauri kasi isizidi maneno 100 kwa dakika. Atakayesikiliza masafa ya uwanja wenye msongamano akiwa na saa mkononi ataona jinsi ushauri huo unavyofuatwa. Mwongozo wenu kuhusu lugha nao unawaasa wazungumzaji wazawa wawe waangalifu, lakini kuasa si kupima.

Ombi langu kwako, Mheshimiwa, ni kwamba wa daraja la sita naye apimwe kwa vipindi maalumu, na asipimwe msamiati anaoujua tangu utotoni. Apimwe kama anaweza kupunguza kasi, kuvunja agizo refu vipande viwili, kusikiliza anachorudishiwa hadi neno la mwisho, na kulisema jambo lile lile kwa maneno mengine pale anapoombwa arudie, badala ya kulirudia kwa sauti kubwa zaidi. Na aliye upande wa pili wa redio katika mtihani huo awe mtu wa daraja la nne.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Kiingereza cha usafiri wa anga