Jukwaa la Bagamoyo limkumbuke Bibi Titi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi watunzi wa michezo ya kuigiza hapa Bagamoyo, mji wenye chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, wamtungie Bibi Titi Mohamed mchezo mpya. Huko Marekani, mtunzi wa tamthilia Katori Hall alimweka Martin Luther King Jr. jukwaani akiwa chumbani mwake Memphis, usiku wa kuamkia tarehe 4 Aprili 1968, siku aliyouawa. Alimwonesha akiwa mtu mwenye uchovu na hofu, na kwangu ujasiri wake ulizidi kueleweka.

Bibi Titi, mwimbaji wa ngoma aliyewahamasisha wanawake kujiunga na TANU kuanzia mwaka 1955, kisha akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini na kuachiwa mwaka 1972, hastahili kubaki jina la barabara tu jijini Dar es Salaam. Watunzi wasiikwepe miaka ile ya kifungo, kwa kuwa hapo ndipo vijana watakapokuwa na maswali mengi zaidi. Mchezo uoneshwe uwanjani bila kiingilio, na waliomsikia akihutubia waalikwe kuzungumza baada ya onesho, wangali hai.

Msomaji wako,
Bagamoyo