Usivitupe Vile Visanduku

Langoni, Lamu

Ndugu yangu Fahmi,

Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, na mama amekwisha kuinuka kitandani. Naandika kwa haraka ili barua iwahi mashua ya Mokowe ya alfajiri, kwani Shee ameniambia kuwa unataka kuvitupa viwili kati ya vile visanduku vinne vya fizikia, kila kimoja kikificha kifaa kimoja cha umeme, vilivyofutika majina kwa chumvi, eti vimekufa kwa kuwa taa haikuwaka. Nakusihi usivitupe.

Umevipima kwa betri peke yake, na mkondo mnyoofu, wa upande mmoja, hausemi yote. Kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji, ikiungwa na betri hujaa, kisha mkondo husita, na taa hubaki kiza kana kwamba waya umekatika. Dayodi iliyounganishwa kinyume nayo huziba vivyo hivyo. Basi geuza kwanza nyaya za betri: kisanduku kitakachopitisha mkondo upande mmoja tu kina dayodi. Kile kitakachoziba pande zote mbili kitie mkondo geu, unaobadili upande kila mara, wa volti 6 kutoka kwenye transfoma, kamwe si umeme wa ukutani, nawe utazame mita, usingojee taa. Kapasita ya maikrofaradi 10, kwa umeme wetu wa hezi 50, huzuia mkondo kama omu 318, na miliampea 19 zitakazopita haziwezi kuwasha taa ile. Lakini zile kapasita za redio zenye alama ya hasi usizitie mkondo geu hata kidogo, kwa sababu huchemka na huweza kupasuka usoni mwako.

Hata vile viwili vilivyowasha taa usiviamini bado. Jumamosi nilipima kimoja cha kwangu kwa betri ya volti 6, kikapitisha ampea 1, nami nikaandika daftarini kuwa ni rezista, yaani kizuia mkondo, ya omu 6. Nilipochomoa waya nikaona cheche ya buluu kwenye ncha yake, nikaingiwa na shaka. Kwa mkondo geu wa volti 6 zile zile, sindano ilishuka hadi robo ya ampea, yaani omu 24. Rezista ingetoa jibu moja kotekote. Hii ilikuwa koili, yaani waya uliozungushwa, ambayo hupinga kila badiliko la mkondo, na mkondo geu hugeuka mara 100 kwa sekunde. Nililifuta jina nililoliandika, na tangu hapo sipimi kwa betri bila kurudia kwa transfoma.

Je, uligeuza nyaya? Ile transfoma ya kabati la nyuma ingali inafanya kazi, au nikupelekee yangu kwa mkono wa Shee? Wanafunzi wamekwisha kuambiwa kuwa ni vibovu? Na visanduku vyenyewe viko wapi hivi sasa, kabatini au jalalani?

Nduguyo,
Athman