Makocha wa shule waige subira ya Bruda Colm

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu makocha wa mbio katika shule za sekondari imenikumbusha Bruda Colm O'Connell. Alitoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, Iten, bila kusomea ukocha popote. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wakikimbia. Baadaye alimlea David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800, 1:40.91, katika Olimpiki ya London 2012.

Nguvu ya Bruda Colm ni subira. Kijana hukimbia polepole kwanza, akirekebishwa mabega, mikono na hatua, ndipo atafute kasi. Kwingine mambo ni kinyume. Muhula uliopita nilimwona msichana wa kidato cha pili akizungushwa uwanjani ilhali kifundo cha mguu kimevimba, eti mashindano ya kaunti yamekaribia. Iliniuma sana.

Naiomba Wizara ya Elimu na Shirikisho la Riadha Kenya wawape walimu wa michezo mafunzo ya kulea wanariadha chipukizi, na kazi yao ipimwe kwa wanafunzi wanaoendelea kukimbia baada ya kumaliza shule, si kwa vikombe vya muhula mmoja.

Mzazi, Eldoret