Paka kaonewa, kisu changu hakikuulizwa

Mhariri,

Nachoma mishkaki Ngamiani, Tanga, mwaka wa kumi na moja huu. Mwezi jana mama mkwe alikuja kumwangalia mke wangu, mjamzito wa miezi mitano. Siku ya pili akamtia paka wetu kwenye kiroba, akaenda kumtupa sokoni. Eti manyoya yake yanaharibu mimba.

Mama mkwe habishiwi. Nikamuuliza muuguzi mmoja, mteja wangu wa jioni. Akacheka, akageuza mshikaki mkononi: "Kaka, na hii ndani imeiva?"

Ugonjwa wenyewe, huo wa paka unaoogopwa kwa wajawazito, unaitwa toksoplasmosi. Kimelea chake hakimo kwenye manyoya, kimo kwenye mavi ya paka aliyekula panya au nyama mbichi, tena hukitoa kwa wiki chache tu. Mavi yakizolewa kila siku, na mtu asiye mjamzito, hayawahi kuwa na madhara, maana huanza kuambukiza baada ya siku moja hadi tano. Ila kimelea hicho hicho hukaa ndani ya nyama ya mbuzi na kondoo. Mama akikipata mara ya kwanza akiwa mjamzito, anaweza asisikie kitu, huku mtoto akidhurika ubongo au macho. Mimba pia inaweza kutoka.

Nikakumbuka saa mbili usiku, wateja wamenizonga: mishkaki nje imeungua, ndani nyekundu. Na kisu nilichokatia nyama mbichi nakifuta kwa kitambaa, nakatia kachumbari. Nani atamtupa muuza mishkaki sokoni?

Halafu kuna udongo. Mke wangu anautafuna kama karanga, na hakuna ajuaye ulichimbwa wapi wala paka gani alipita hapo. Lile fungu la mchanga wa jirani anayejenga ndilo choo cha paka wa mtaa mzima. Watoto wanachezea humo, kisha mama ndiye anayewaosha.

Kliniki tuliyokwenda walitufundisha chandarua, vidonge vya damu, kipimo cha VVU na kaswende. Nashukuru. Naomba waongeze dakika tano za nyama, kisu, udongo na kunawa mikono, na waume tuwe tumekaa hapo hapo. Ufaransa mjamzito asiye na kinga ya ugonjwa huu hupimwa kila mwezi. Mimi naomba maneno tu.

Nimenunua kisu cha pili, mpini mwekundu, cha nyama mbichi peke yake. Paka alirudi mwenyewe siku ya nne. Mama mkwe kamtazama, hajasema neno.

Mchoma mishkaki,
Ngamiani, Tanga