Semina za uhandisi kwa mabinti ziache vifaa shuleni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo ambalo limenikaa moyoni toka Aprili. Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari moja ya kata huku Morogoro, na mwaka huu mabinti zetu 24 wa kidato cha pili walipata bahati ya kwenda mafunzo ya uhandisi ya siku moja, ile wiki ya Siku ya Wasichana katika TEHAMA, ambayo huwa Alhamisi ya nne ya mwezi wa nne na dunia inaiadhimisha toka 2011.

Kwakweli niliona kitu sijawahi kukiona darasani. Miaka tisa nafundisha saketi ubaoni, nachora betri, nachora balbu, wanakopi, basi. Siku ile kila binti alipewa betri ya volti 9, waya, rezista (kile kidude cha kupunguza umeme unaopita) na kitaa cha LED, mmoja akaunga bila rezista kitaa kikaungua hapohapo, akaogopa akijua atalipishwa, mkufunzi akampa kingine akamuuliza unadhani kwanini kimeungua? Mwingine chake hakiwaki kabisa, kumbe kageuza miguu ya kitaa, mguu mrefu ndo unaenda upande wa chanya. Hiyo ya mguu mrefu nilishaisema sana darasani lakini siku ile ndo iliingia. Mchana wakaanza kuchomelea waya kwa risasi, mwanzoni mikono inatetemeka, kufika saa tisa wanagombania zamu.

Kuna wanaolalamika kwanini wavulana wanaachwa, na nawaelewa maana hata wao maabara hawana. Ila aliyesimamia praktiko ya mchanganyiko anajua, bisibisi anashika mvulana, binti anapewa kalamu aandike ripoti. Siku ile hapakuwa na wa kumpokonya.

Sasa kinachoniuma. Jioni vifaa vyote vikarudi kwenye maboksi, vikapakiwa kwenye gari, vikaondoka. Mabinti wakabaki na fulana na cheti. Nia ya waandaaji ilikuwa njema na siwataji, lakini wiki iliyofuata nilirudi kwenye ubao wangu na chaki, na wanafunzi walewale waliokuwa wanagombania zamu wakawa wanakopi tena.

Mnawakumbuka wale mabinti watano wa Kisumu Girls, jirani zetu Kenya, waliofika California 2017 na programu yao ya simu iCut ya kusaidia wasichana wanaokimbia ukeketaji? Ile haikutengenezwa kwa siku moja. Shindano walilopitia, Technovation, linakwenda kwa miezi na timu inakuwa na mtu mzima wa kuifuatilia, yani binti akikwama leo kesho kuna wa kumuuliza.

Ombi langu kwa wote wanaoandaa haya mafunzo, serikali na mashirika, pesa za fulana nunueni vifaa, acheni boksi moja kila shule, mita ya kupimia umeme, vya kuchomelea, betri, waya, na mkae na mwalimu siku mbili kabla ili nyie mkiondoka yeye aendelee. Na mrudi japo mara moja kwa muhula mwone tumefika wapi.

Ijumaa iliyopita walibaki mabinti 11 baada ya vipindi, tunafungua redio mbovu tulizopewa na fundi wa sokoni, mita tumeazima kwake na saa kumi na moja anaitaka kazini.

Mwalimu wa Fizikia,
Morogoro