YAH: Karatasi ya maelekezo iliyoniharibia breki ya nyuma

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Mwezi uliopita nilinunua kwenu seti ya brekipedi za nyuma. Pedi zenyewe sina ugomvi nazo, zilikaa vizuri. Ugomvi wangu ni na karatasi ya maelekezo iliyokuwa ndani ya boksi.

Hatua ya tano inasema pistoni, ile inayosukuma pedi, ibanwe kwa klampu hadi irudi ndani ya kalipa, yaani kifaa kinachoshikilia pedi na kuzibana kwenye diski. Gari lilikuwa juu ya stendi, magurudumu ya mbele yamewekewa kabari, handibreki imeshushwa, kifuniko cha mafuta ya breki kimelegezwa. Nikabana. Pistoni ikagoma. Nikadhani ni kutu, nikaongeza nguvu, maana karatasi inasema "kaza bila kuogopa". Ndani ya kalipa kikalia kitu, kisha klampu ikalegea ghafla.

Kwenye gari langu handibreki hufanya kazi ndani ya kalipa hiyohiyo ya nyuma. Pistoni ya namna hiyo imekaa kwenye skrubu: hurudi kwa kuzungushwa huku ikisukumwa, na usoni ina mikato ya kushikia kifaa cha kuizungushia. Mikato niliiona nikaipuuza. Hilo nalibeba mwenyewe. Lakini mchoro wenu unaonyesha pistoni yenye uso mtupu, na boksi limeandikwa NYUMA kwa herufi kubwa! Inaelekea mlichukua maelekezo ya pedi za mbele mkabadilisha kichwa tu. Wenye handibreki ya umeme nao hawakuambiwa kwamba mota lazima irudishwe kwanza kabla ya kugusa pistoni.

Sasa handibreki upande wa kushoto haishiki kabisa, na mpira wa kuzuia vumbi umechanika. Fundi ameikagua, anasema kalipa ni ya kubadilishwa. Mimi niliyekuwa nakwepa gharama ya fundi.

Nilipopiga simu, mhudumu wenu alinijibu kwamba breki si kazi ya kufanyia nyumbani. Kama ni hivyo, karatasi mliiweka ya nini?

Naomba mnilipe gharama ya kalipa na ya kuifunga, na karatasi hiyo iondolewe kwenye maboksi yaliyobaki. Nimeambatanisha risiti, picha za pistoni na maelezo ya fundi. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Simu sitaki tena.

Wenu,
Mteja